Sharti la Jukwaa Kuu

Sauti ilitoka safu ya juu kabisa ya jukwaa, mahali ambapo hapakuwa na njia ya kufika.

Ngazi za upande ule zilikwishaoza na kuanguka zamani, na hata watoto, ambao hawaogopi kitu, walikuwa hawapandi. Kwa hiyo watu waliposikia mtu anatoa ahadi kutoka kule juu, waligeuza shingo, wakafinya macho kwa jua la alasiri, wakaona vivuli vya nguzo tu. Wakacheka. Watu wa Tanga wanapenda mzaha, na mtu aliyekuja kwenye changizo na mfuko mtupu hana budi kucheka sana.

Lilikuwa changizo la tatu. Jukwaa kuu la uwanja ule lilijengwa enzi ambazo mkonge uliitwa dhahabu. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakaota vichaka, paa likaliwa na kutu, na upepo wa kusi ukalimalizia. Halmashauri ilisema haina fungu. Kampuni moja ya katani iliahidi kuezeka, ikafilisika kabla haijanunua msumari. Changizo la kwanza liliishia matumboni mwa wachangishaji, na la pili likaishia kwenye vikao vya kuuliza la kwanza limekwenda wapi. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa ya biashara, na maduka ya Ngamiani yalikuwa yameanza kujaa tena vitu, ila vitu vyenyewe vilikuwa vya kutazamwa zaidi kuliko kununuliwa. Na wenye ligi walikuwa wamekwisha kuonya kwamba bila jukwaa lenye paa timu ya mpira ya mji haitachezea pale.

Mchangishaji alikuwa Noa, dalali wa mnada wa mitumba. Baba yake aliteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge, akafa na kumwachia mwanawe kifua na koo, basi. Betri za kipaza sauti zilikuwa hazipatikani siku zile, wala Noa hakuzihitaji. Kanisani aliimba besi, na mchungaji alimwomba asimame mstari wa nyuma ili wengine nao wasikike. Hakuwa na kiwanja wala baiskeli. Kwa sauti ile tu alimlisha mkewe Beatrisi na watoto wawili katika vyumba vya kupanga kule Nguvumali.

Utamu wa changizo ni sharti. Mtu hatoi hivi hivi. Atasema, "Natoa bati mbili, mwenyekiti acheze mdumange!" Hapo mwenyekiti atacheza, au atokee mwingine amkomboe: "Natoa bati tatu, mwenyekiti asicheze!" Mchangishaji akishasema "Imepokelewa," hakuna kurudi nyuma tena.

"Natoa bati za jukwaa zima," ilisema sauti ile ya juu. Haikuwa kubwa, lakini kila mtu aliisikia kana kwamba amenong'onezwa yeye peke yake. "Sharti langu, mnadi anyamaze."

Kicheko kilipasuka uwanja mzima. Kwa kweli ni wangapi hawakuwahi kutamani Noa anyamaze! Beatrisi mwenyewe, aliyekuwa ameketi mkekani na wanakwaya wenzake, alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Nani huyo?" Noa akaita. "Shuka tukuone! Ninyamaze mpaka lini, bwana?" Akageukia watu. "Haya, nani ananikomboa? Jamani, mtaacha niuzwe?"

Watu wakapiga makofi wakitaka auzwe. Mzee Methusela, mwenyekiti wa kamati ya jukwaa, mstaafu wa reli aliyekuwa na haraka ya kufanya jambo moja la kukumbukwa kabla hajafa, alimvuta shati.

"Pokea, Noa. Huenda ni mtu mzito, hataki kujulikana."

"Imepokelewa!" Noa akanguruma.

Beatrisi akasikia harufu ya ubani, na nyuma yake harufu ya udongo uliofukuliwa. Aligeuka kuona nani kawasha chetezo. Hapakuwa na chetezo.

Asubuhi mabati yalikutwa chini ya jukwaa, yamepangwa vizuri, makavu, mapya, ingawa alfajiri ile ilikuwa imenyesha. Mlinzi wa uwanja aliapa kwamba hakuona lori. Mzee Methusela alisema ng'ombe wa zawadi hakaguliwi meno, akaagiza mafundi siku ile ile. Mtu mmoja tu hakufurahi. Altaf, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani na mweka hazina wa kamati, aliinama akaona alama ya rangi nyekundu kwenye pembe ya bati la juu. Akasimama haraka, akasema ana wageni dukani, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani kwa Noa mambo yalianza na chumvi. Walikuwa wanakula, Noa akafumbua kinywa, midomo ikacheza, lisitoke neno. Beatrisi akacheka. "Unatimiza sharti la watu, mume wangu?" Noa akamtazama kwa mshangao, akanyoosha mkono akachukua chumvi mwenyewe. Alipokwisha kula na kutoka kwenda kunawa, Beatrisi akiwa peke yake anakusanya sahani, sauti ya mumewe ikasema kutoka pembeni mwa chumba, taratibu na kwa upole, "Nipe chumvi."

Siku zilizofuata maneno yakazidi kuchelewa. Aliyoyasema asubuhi yalisikika adhuhuri, na aliyoyasema adhuhuri yalisikika magharibi, tena si kinywani mwake, bali nyuma ya mlango, ndani ya mtungi, chini ya kitanda. Mnadani wanunuzi walimpigia kelele, "Sema basi!" naye alikuwa anasema, mishipa ya shingo imemtoka, hajui kama hasikiki. Mwenye mnada alimvumilia kidogo, kisha akamweka dalali mwingine. Hospitali daktari alimmulika koo, akasema koo ni zima. Mchungaji na wazee wa kanisa walikuja kuomba, na sala yao ilipokwisha, amina ya Noa ilisikika kutoka uani wakati wageni walikwisha kuvuka barabara. Beatrisi akawapeleka watoto kwa mama yake, maana walikuwa wameanza kuijibu ile sauti ya mtungini na kuicheka.

Kisha ikaja siku ambayo sauti ilisema maneno ambayo Noa hakuyasema. Ilikuwa jua la utosi, saa ambayo pwani watu huacha njia kwa wasioonekana wenye kuzipita, na Noa alikuwa amelala usingizi mzito, mkono wake juu ya tumbo la mkewe. Bati za nyumba zilikuwa zikilia kwa joto, ta, ta, ta, kama kawaida yake, lakini Beatrisi akatambua kwamba mlio ule unatembea, unakwenda mpaka mwisho wa paa na kurudi, na kila unaporudi unasimama juu ya kitanda, na ulipokwisha kusimama mara ya mwisho ikateremka sauti ya Noa, ile besi yake nzito, ikaita, "Beatrisi," kisha ikaita tena kwa kuvuta, "Beatriiisi," kisha kwa ukali, kisha kwa kubembeleza, kisha kwa kunong'ona kama Noa anavyonong'ona watoto wakiwa macho, ikijaribu jina lile hivi na hivi kama mtu anavyojaribu shati la mnadani kabla hajalivaa na kuondoka nalo, na chumba kizima kikajaa ubani na ule udongo. Hakuitika. Aliuma kanga yake, akauma mpaka meno yakauma, akamlaani mtu yule wa juu ya jukwaa, akajilaani mwenyewe kwa kicheko chake cha siku ile, na machozi yakamtoka kwa hofu.

Jirani akamtajia Bi Asmahani, fundi wa pepo, kule Muheza. Mke wa mwimbaji wa kwaya haendi kwa mafundi wa pepo, lakini maji yakizidi unga mtu hachagui jiko. Alimkuta mama mmoja mnene barazani, anachambua machungwa ya kuuza kwa abiria wa mabasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini. Huyo uliyefuatana naye mwambie abaki nje."

"Nimekuja peke yangu, bibi."

Bi Asmahani aliutazama mlango wa ua kwa muda, kisha akarudi kwenye machungwa yake. "Haya. Nambie."

Beatrisi akamwambia yote. Bi Asmahani alisikiliza bila kuinua macho, na alipoinua alikuwa na huruma usoni.

"Nilidhani umekuja na la kawaida. Hili halikuiba, mwanangu. Limenunua. Dua ya kumfukuza mwizi siyo ya kumfukuza mwenye mali yake. Nani alisema imepokelewa?"

"Noa mwenyewe."

"Na watu walikuwepo?"

"Mji mzima."

"Basi mila yenu si ina ukombozi? Aliyepokea ni mmoja, mji haujapokea; akombolewe. Atokee mtu atoe zaidi, pale pale, mbele ya wale wale, nao wapokee kwa vinywa vyao. Lakini iwe kabla watu hawajakaa chini ya lile paa. Wakishakaa wakafurahi, biashara imekwisha, na sauti ya mumeo ndiyo imekwenda."

Beatrisi alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha kamati. Mzee Methusela alimsikiliza huku akitazama saa.

"Shemeji, nakuhurumia. Ila mechi ni Jumamosi, timu iko mkiani, wakubwa wa mkoa wanakuja kufungua jukwaa. Niwaambie nini? Jini limetaka bati zake? Mpe tangawizi na asali, koo litafunguka."

Wengine waliangalia meza. Aliyemfuata nje ni Altaf. Alisimama naye ukutani, akaanza kuongea kwa sauti ya chini sana.

"Dada, mimi najua zimetoka wapi."

"Wapi?"

"Unakumbuka msako wa walanguzi? Watu walimwaga sukari baharini, walitupa vitenge visimani. Marehemu baba, Esmail, alifukia bati zake zote chini ya lile jukwaa. Akamleta mtu kutoka mbali, azindike, aweke mlinzi. Alama nyekundu ni mkono wa baba. Alikufa kabla hajamwondoa huyo mlinzi."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza?"

"Mwaka ule mtu alifungwa kwa katoni ya sabuni, dada. Tulizoea kunyamaza. Baadaye nikajiambia pengine zindiko limekwisha nguvu." Altaf alikuwa analia. "Ninazo bati mpya dukani, zimeingia juzi, za mkopo. Nitatoa zote. Zile za baba zirudi shimoni. Nitamkomboa Noa."

Beatrisi alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

Alhamisi lori la Altaf likaingia uwanjani. Habari zilikwisha kuenea, na watu waliacha shughuli zao wakaja, wamesimama nyasini mbele ya jukwaa lililokuwa limeezekwa likang'aa, wamebakiza ngazi za wageni tu. Mzee Methusela alikuja akiwa amenuna. Bi Asmahani aliweka chetezo chake chini, akaomba kimya, akamwashiria Altaf. Noa alisimama kando ya mkewe, amekonda, kinywa amefumba, kwa kuwa hakuwa anataka tena kulisha kile kitu hata neno moja.

"Natoa!" Altaf akaita. "Natoa bati mpya za jukwaa zima! Sharti langu, Noa aseme! Zile zirudi kwa mwenyewe!"

Wengi walikuwa na huruma, na huruma ile ilionekana. Mafundi wawili waliokuwa juu ya paa walianza kushuka. Mzee mmoja wa kanisa akavuta pumzi aseme neno lile lililotakiwa, na Beatrisi alikuwa akimtazama midomo, akimwomba Mungu amharakishe, wakati paa lote lilipolia mlio mmoja, kutoka mwisho hadi mwisho, na sauti ya Noa ikateremka kwa watu, nono, ya mzaha, sauti ile ile ya dalali waliyoizoea kwenye shati na suruali.

"Naongeza," ilisema. "Naongeza Jumamosi. Mabao matatu kwa bila. Na timu haishuki daraja mwaka huu."

Kila mtu aligeuka kumtazama Noa. Kinywa chake kilikuwa kimefumba. Baadaye walisema walidhani anatania, lakini waongo, wote waliona, kwa maana hapakuwa na hata mmoja asiyegeuka.

"Naongeza duka!" Altaf akapiga kelele, amevua kofia. "Naongeza duka langu lote na vilivyomo! Jamani, sikieni! Ni mtu huyu, ni Noa!"

Lakini timu ilikuwa mkiani tangu msimu uanze. Viwanda vilikuwa vimefungwa, vijana walikuwa wanakaa vijiweni tangu asubuhi, mishahara ilikuwa ya kununulia unga, na katika mji mzima kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kumfanya mtu ainue kichwa Jumatatu akutanapo na wenzake, nacho kilikuwa ile timu, ambayo mwezi ule ilikuwa inazama mbele ya macho yao, na sasa mtu, au kisicho mtu, alikuwa anawapa mkononi kile walichokuwa wamekiomba misikitini na makanisani bila kupewa. Walitazama chini. Kisha kijana mmoja nyuma, mtu ambaye Noa alimpa koti la mnada wakati wa masika bila malipo, alisema kwa sauti ndogo, "Imepokelewa."

"Imepokelewa," akasema Mzee Methusela, bila kuinua uso.

Wakapokea wote. Walianza kwa haya, wakamalizia kwa kelele, na wengine waliruka. Beatrisi alikimbia kutoka mtu hadi mtu akiwashika vifua, akiwataja majina yao, majirani, wanakwaya, watu waliokula pilau ya arusi yake, nao walimwondoa mikono kwa upole na kuendelea kupokea.

Bi Asmahani alizima chetezo kwa mchanga, akajitanda vizuri.

"Bibi, usiniache!"

"Mie nafukuza majini, mwanangu," alisema, na alionekana mzee kuliko alivyokuja. "Watu siwawezi."

Jumamosi Beatrisi na Noa walikaa ndani, madirisha wamefunga. Kutoka Nguvumali uwanja unasikika vizuri upepo ukiwa mzuri. Walisikia brasbendi ya kuwalaki wakubwa, wakasikia kimya cha mpira kuanza. Kisha bao likaingia, na Beatrisi akaziba masikio, maana kilichopanda kutoka jukwaa kuu hakikuwa kelele za watu. Ilikuwa sauti moja. Maelfu waliruka na kufumbua vinywa chini ya lile paa, na kutoka vinywa vyote ikatoka besi ya Noa, ile ile, maelfu kwa maelfu. Noa aliisikia. Alijishika koo, akatikisa kichwa, akafumbua kinywa alie, na Beatrisi, aliyeweka sikio kifuani pake, hakusikia hata mtetemo.

La pili likaingia, na la tatu.

Jioni washangiliaji walipita njiani wakirudi makwao, wanaimba, wanaitana, na kila aliyeita aliita kwa sauti ya Noa, wala hawakuonekana kulijua hilo, au walilijua na hawakujali. Wakaisha. Giza la magharibi likaanza kushika, adhana ikaadhiniwa, na Beatrisi alikuwa anatafuta kiberiti pale mtu alipobisha mlango.

"Hodi. Beatrisi."

Hakuna mtoto wa pwani asiyefundishwa kwamba ukiitwa magharibi na usiyemwona, usiitike. Beatrisi alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alibaki amesimama. Noa aliinuka kwenye kiti, akaja akashika pindo la kanga yake.

"Mke wangu, nimechoka," ilisema sauti nje ya mlango, na haikuwa ya mnadani wala ya uwanjani, bali ile ya chini, ya chumbani, ambayo alikuwa ameikosa tangu siku ya mabati, ambayo alikuwa ameilalia na kuiamkia miaka yote ya ndoa yake na ambayo katika wiki zile za kimya alikuwa ameitamani kuliko chakula, kiasi kwamba usiku alikuwa akijisemea mwenyewe maneno ya mumewe ili tu ayasikie yakisemwa na mtu. "Nimesema kutwa nzima na watu wasionijua. Nifungulie. Mbona huniitiki, Beatrisi wangu? Nimekukosea nini?"

Noa alikuwa anavuta kanga kwa nguvu zake zote, kinywa wazi, machozi yanamtiririka, anamkataza bila sauti. Beatrisi alimtazama. Alimpenda, na alimhurumia, na alitazama kile kinywa kitupu cha mumewe akajua kwamba hakitamwita tena.

"Abee," akaitika, na akaenda kufungua.